Kuchora Farasi ni Kazi ya Macho Kabla ya Kazi ya Mkono

Mtu apitaye njia itokayo Embu kwenda Meru, kwa kupitia Runyenjes, Chuka na Nkubu, huona ya kwamba wenye maduka na hoteli wapenda kupamba kuta zao kwa picha. Simba yuko, ndovu yuko, jogoo yuko. Na mara mojamoja yuko farasi, shingo yake imepindwa kama upinde na miguu yote minne iko hewani. Mpita njia hutazama, akasema, "Picha nzuri hiyo," akaenda zake. Lakini akisimama kidogo na kuitazama vizuri, pengine ataona ya kwamba miguu ya nyuma ya farasi huyo imekunjwa mbele kama magoti ya mtu, masikio yake ni ya mbwa, na mkia wake ni wa ng'ombe. Aliyemchora hakumwona farasi. Aliona picha ya farasi katika kalenda, na huenda yule aliyechora picha ya kalenda naye aliiga picha nyingine.

Jambo hili si la kumchekea fundi yule. Farasi ni mnyama adimu katika nchi hizi, na sababu zake zajulikana. Katika nchi ya chini, kuelekea mto wa Tana, Tharaka na Mbeere, mbung'o wameeneza ugonjwa wa nagana tangu zamani, na farasi hawauwezi. Tena uko ugonjwa mwingine wa farasi wa Afrika, uenezwao na visubi wadogo waumao usiku, ambao waweza kumwua farasi mwenye afya katika muda wa siku chache. Punda milia huubeba ugonjwa huo mwilini mwake bila kudhurika, lakini farasi hufa. Kwa hiyo farasi walikaa zaidi katika nyanda za juu zenye baridi, kama Timau na Nanyuki, na watu wengi wa Meru na Embu wameishi miaka yao yote pasipo kumgusa hata mmoja.

Basi, je, mchoraji wa upande huu aache kabisa kuchora farasi? Hapana. Lakini yampasa kujua kazi hiyo huanzia wapi, nayo haianzi katika rangi wala katika brashi.

Mfikirie kwanza mzee mfugaji wa ng'ombe. Huenda mzee huyo hajapata kushika penseli tangu kuzaliwa kwake. Hata hivyo, kijana wake akimletea picha ya fahali aliyoichora shuleni, mzee ataitazama mara moja tu, kisha aulize, "Mwanangu, fahali huyu ameumia mguu gani?" Kijana atajibu, "Hakuumia, baba." Naye mzee atasema, "Basi kwa nini amesimama kama aliyeumia? Uzito wake wote umeuweka mbele, na mguu huu haukanyagi chini." Mzee huyo hakusoma kuchora, lakini macho yake yamesoma ng'ombe kwa miaka hamsini. Huwatambua ng'ombe wake kwa mbali, kwa namna waendavyo, na hujua aliye mgonjwa kabla hajaacha kula. Elimu ya namna hiyo ndiyo mizizi ya kazi ya mchoraji wa wanyama. Kijana wa Meru au Embu aliyechunga mifugo utotoni tayari anayo nusu yake, ila hakuambiwa na mtu kwamba hiyo ni elimu.

Ukweli huu waonekana katika habari za wachoraji wakubwa wa farasi. Katika Uingereza alikuwako mtu mmoja jina lake George Stubbs, aliyezaliwa mjini Liverpool katika mwaka wa 1724. Baba yake alikuwa fundi wa kutengeneza ngozi, na mtoto alikua katikati ya ngozi za wanyama. Alipokuwa mtu mzima, Stubbs aliona ya kwamba wachoraji wengi wa farasi walichora ngozi ya juu tu, bila kujua kilichomo ndani. Basi katika mwaka wa 1756 alikwenda kukaa katika kijiji cha Horkstow, mbali na miji mikubwa, akakaa kama miezi kumi na minane akipasua farasi waliokufa. Aliwatundika kwa kulabu za chuma, akawasimamisha kama walivyosimama walipokuwa hai, kisha akaondoa ngozi, halafu misuli tabaka kwa tabaka, mpaka akafika kwenye mifupa. Katika kila hatua alichora alichokiona. Kila mtu aliyepata kuchinja mnyama wakati wa joto aweza kuwaza harufu ya nyumba ile.

Alipomaliza, mafundi wa kuchonga picha kwa ajili ya kupigwa chapa walikataa kazi yake. Stubbs hakukata tamaa. Alizichonga picha zile mwenyewe, na kitabu chake juu ya mwili wa farasi kikatoka katika mwaka wa 1766. Wachoraji na matabibu wa wanyama walikitumia kwa miaka mingi baada yake. Na mtu akienda leo katika jumba la picha la taifa mjini London ataona picha yake ya farasi aitwaye Whistlejacket, aliyochorwa yapata mwaka wa 1762. Picha hiyo ina urefu wa karibu meta tatu. Hamna ndani yake mti, wala mlima, wala mtu. Yuko farasi peke yake, naye aonekana kana kwamba aweza kutoka ukutani. Stubbs hakuhitaji kuficha miguu katika majani marefu, kama wafanyavyo wachoraji wasioijua.

Msomaji asiye na farasi wa kupasua aweza kujifunza jambo moja kubwa la Stubbs hapo alipoketi. Na auweke mkono wake juu ya meza, ncha za vidole zikigusa meza na kiganja kikiwa kimeinuliwa. Sasa na avikunje vidole vyote isipokuwa kile kirefu cha katikati. Huo ndio mguu wa mbele wa farasi. Kwato ni ukucha wa kidole hicho kimoja. Kile ambacho watu hukiita goti la mbele si goti, bali ni kifundo cha mkono. Kiwiko chenyewe kiko juu, karibu na mbavu. Vivyo hivyo katika mguu wa nyuma: ile pembe ielekeayo nyuma, ambayo wachoraji wengi huikosea, ni kisigino. Goti la kweli liko juu karibu na tumbo, nalo laelekea mbele kama la mtu. Farasi, basi, ni mnyama anayetembea juu ya ncha za vidole vinne, kidole kimoja kwa kila mguu. Mtu akisha kulifahamu jambo hili, mkono wake hautakunja tena mguu wa nyuma kama mguu wa kiti.

Baada ya mifupa vyaja vipimo. Mchoraji hunyosha mkono wake mbele, akafumba jicho moja, akapima kwa penseli urefu wa kichwa cha farasi tangu utosini mpaka mdomoni. Kipimo hicho cha kichwa huingia yapata mara mbili na nusu katika kimo chake, tangu chini mpaka mwinuko wa mabega. Tena urefu wa mwili, tangu kidari mpaka makalio, hukaribia kuwa sawa na kimo hicho. Yaani, mwili wa farasi pamoja na miguu yake waingia katika mraba. Wanaoanza kuchora karibu wote hufanya kichwa kikubwa mno na miguu mifupi mno, kwa kuwa wapenda kutazama uso. Penseli haina upendeleo, yapima yaliyopo.

Lakini hata macho makini yaweza kudanganyika, na hapa pana funzo kwa wale wadhanio ya kwamba desturi ya zamani haiwezi kuwa na kosa. Kwa muda wa miaka mingi sana wachoraji wa Ulaya walimchora farasi apigaye shoti kwa namna moja: miguu miwili ya mbele imenyoshwa mbele kabisa, na miwili ya nyuma imenyoshwa nyuma kabisa, tumbo liko karibu na majani. Ndivyo alivyofanya Mfaransa Géricault katika picha yake kubwa ya mashindano ya Epsom ya mwaka wa 1821. Hakuna aliyeuliza, kwa kuwa miguu ya farasi huenda mbio kuliko jicho, na kila mchoraji alimwamini yule aliyemtangulia.

Katika mwaka wa 1878, huko California katika Marekani, mpiga picha aitwaye Eadweard Muybridge alipanga kamera kwa safu kando ya njia ya mbio, akatandaza nyuzi katika njia ile, hata farasi alipopita kila uzi ulifungua kamera yake. Picha zilipooshwa, ikaonekana ya kwamba ni kweli miguu yote minne huondoka ardhini kwa kitambo, lakini si wakati imenyoshwa. Huondoka wakati imekusanywa chini ya tumbo! Farasi wa Géricault hakupata kuwako duniani. Wachoraji wengine walikasirika, wakasema kamera imesema uongo. Wengine, kama Edgar Degas, walizitazama picha zile kwa unyenyekevu wakajifunza upya. Hakuna aibu katika kukosea pamoja na ulimwengu mzima. Aibu ni kuonyeshwa kosa na kulishikilia.

Basi, yule fundi wa ukutani aliyeiga kalenda asihukumiwe peke yake, kwa maana waliomtangulia ni mabwana wakubwa. Lakini mabwana hao walikuwa na udhuru ambao yeye hana. Leo mtu mwenye simu mfukoni aweza kupiga picha ya mnyama akikimbia, akaitazama taratibu, hatua kwa hatua.

Hata hivyo simu haitoshi, wala haiwezi kuchukua mahali pa kusimama na kutazama. Alikuwako katika Ufaransa mwanamke aitwaye Rosa Bonheur, aliyezaliwa mwaka wa 1822. Alipotaka kuchora soko la farasi la Paris, alikwenda sokoni mara mbili kila juma, kwa muda wa mwaka mmoja na nusu, akichora katika vijitabu. Soko lile lilikuwa la wanaume, wenye matusi na mijeledi, na mwanamke mwenye gauni hakuweza kufanya kazi pale kwa amani. Basi aliomba polisi ruhusa ya kuvaa suruali, kwa sababu wakati ule sheria ilitaka hivyo, akaipata. Picha yake ilipomalizika katika mwaka wa 1855 ilikuwa na upana wa meta tano hivi, nayo sasa iko New York. Wazazi wenye mabinti wapendao kuchora na walikumbuke jambo hilo, wasiseme ya kwamba kazi ya wanyama ni ya wavulana peke yao.

Sasa na turudi nyumbani. Kijana wa Embu au wa Meru asiye na farasi atakwenda wapi kujizoeza? Jibu liko sokoni. Punda ni ndugu wa farasi, na punda hawakosekani Mbeere, Tharaka wala Isiolo, ambako huchukua maji, kuni na magunia. Mifupa ya punda ni ile ile. Tofauti ni chache, nazo zafaa kujulikana: masikio ya punda ni marefu zaidi, manyoya ya shingo yake husimama wima, na mkia wake una shada la nywele mwishoni kama wa ng'ombe, hali mkia wa farasi una singa ndefu tangu shinani. Mtu awezaye kumchora punda aliyechoka, amesimama juani akipumzisha mguu mmoja wa nyuma, hatashindwa na farasi siku atakapomwona Timau.

Na aende asubuhi au jioni, kwa kuwa jua la saa sita huangaza kutoka juu na kufuta vivuli vyote vionyeshavyo umbo. Kwanza na atazame tu, bila kuchora, mpaka aweze kufumba macho na kumwona yule mnyama. Halafu na achore mstari wa mgongo na mstari wa ardhi, kisha mahali pa viungo, kisha miguu. Macho na manyoya yaje baadaye, na rangi iwe ya mwisho kabisa. Karatasi si lazima iwe ya thamani. Karatasi ya kufungia sukari na kipande cha mkaa vyatosha kwa mwaka wa kwanza. Michoro iliyoharibika isitupwe, bali iandikwe tarehe na kuwekwa, ili mwenyewe aone alikotoka.

Watu wengine watauliza: faida yake ni nini? Farasi aliyechorwa hawezi kulima wala kubeba kahawa kwenda kiwandani. Swali hili ni la haki, nalo lina jibu ambalo lahusu nchi hii yenyewe.

Katika mwaka wa 1763 yule George Stubbs alimchora punda milia aliyeletwa kutoka Rasi ya Tumaini Jema kwa Malkia wa Uingereza. Watu wa London walikwenda kwa wingi kumtazama kama ajabu. Stubbs hakumchora kama farasi aliyepakwa mistari. Alichora kila mstari mahali pake, hata watu wenye ujuzi wakiitazama picha ile leo hutambua ni aina gani ya punda milia. Alikosea jambo moja tu, kwamba alimweka katika msitu wa Kiingereza, kwa kuwa nchi ya mnyama yule hakuiona. Punda milia mwingine wa kusini, aliyeitwa kwaga, hakuwa na bahati. Aliwindwa mpaka akaisha, na wa mwisho alikufa mjini Amsterdam katika mwaka wa 1883. Leo mtu atakaye kumjua kwaga hana budi kutazama ngozi chache zilizohifadhiwa, picha chache za kamera, na michoro ya watu waliomwona. Mahali mchoraji alipokosea, hapana tena mnyama wa kumsahihisha.

Na huku kwetu yuko punda milia wa Grévy. Wakaao Isiolo na pande za chini za Meru wamjua: ni mkubwa kuliko yule wa kawaida, mistari yake ni myembamba na iliyosongamana, tumbo lake ni jeupe, na masikio yake ni mapana na ya mviringo. Yule wa kawaida ana mistari minene inayozunguka mpaka tumboni. Katika miaka ya 1970 punda milia wa Grévy walihesabiwa kuwa yapata 15,000. Sasa hawafiki hata 3,000 waishio porini ulimwenguni, na wengi wao wako katika Kenya, kundi kubwa likiwa katika hifadhi ya Lewa iliyo Meru. Tangu mwaka wa 2016 raia wa kawaida wameitwa kusaidia kuwahesabu kwa kuwapiga picha ubavu wa kulia, kwa sababu mistari ya kila mmoja ni yake peke yake, kama alama za kidole cha mtu. Fundi wa ukutani atakayewachora wote wawili kwa mistari ya namna moja amefuta katika ukuta tofauti ambayo watu wanatoka jasho kuilinda porini.

Kazi ya namna hii imekwisha kufanywa karibu na hapa. Joy Adamson, ambaye wengi wamjua kwa habari za simba Elsa, alikaa Isiolo miaka mingi, naye kabla ya simba alikuwa mchoraji. Alianza na maua ya Kenya, akihesabu kila jani la ua. Kisha, tangu mwishoni mwa miaka ya 1940, alipewa na serikali ya wakati ule kazi ya kuwachora watu wa makabila ya Kenya, Wameru na Waembu wakiwamo, katika mavazi na mapambo ya jadi yaliyokuwa yakitoweka. Picha zake nyingi zimehifadhiwa Nairobi. Mjukuu atakaye kujua mapambo ya babu yake yalikaaje aweza kuyaona pale, kwa sababu mtu mmoja aliketi akachora alichokiona, si alichodhani.

Hiyo ndiyo faida. Mchoraji wa kweli ni shahidi. Shahidi aletaye maneno ya kuambiwa hasikilizwi barazani, na mchoraji aigaye kalenda hana tofauti naye. Kwa hiyo mzazi amkutaye mtoto wake nyuma ya ghala, akichora punda kwa mkaa juu ya ubao, asimpigie kelele kwamba anapoteza wakati. Na amwulize kama mzee yule mfugaji: "Mnyama huyu amesimama juu ya mguu gani?" Kama mtoto hajui, na amwambie aende akatazame tena.